Ubavu wa Kushoto wa Pijo la Kijiji

Wiki iliyopita niliwaacha ndani ya banda la kijiji, msumeno mkononi, paa la Pijo likiwa chini, na shemeji yangu Yohana akiniuliza kama wazimu ule ni wa ukoo wetu au nimeuokota mjini.

Kwa aliyelikosa gazeti, habari yenyewe ni hii. Mimi ni Kasiani, fundi bodi. Nilifukuzwa kazi katika karakana moja ya Morogoro mjini, nikapanda na mke wangu Eva hadi kijijini kwao, juu ya Matombo. Kaka yake, Yohana, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa. Kijiji kilikuwa na gari moja tu, Pijo pikapu la zamani lililoachwa na mzungu mmoja wa mkonge. Kutu ilikuwa imelitafuna mpaka ukikaa ndani unaiona barabara ikipita katikati ya miguu yako.

Mwaka ule wa 1976 bati la kutengenezea bodi ya gari lilikuwa halipatikani, si Morogoro, si Dar es Salaam. Tena hata lingepatikana lisingetusaidia. Daraja la chini ya kijiji lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, tukajenga jingine kwa magogo membamba. Pijo likiwa na bodi yake ya chuma lilivuka tupu tu. Ndizi zetu ziliozea juu, na wagonjwa tuliwabeba kwa machela hadi ng'ambo.

Nilikuwa na ujuzi mmoja ambao hakuna fundi mwingine wa milimani aliyekuwa nao. Niliwahi kufanya kazi miaka minne Dar es Salaam, mahali walipotengeneza boti za faibaglasi. Unachukua vitambaa vya nyuzi za kioo, unavilowesha gundi nzito, unavipanga tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, yaani umbo la kipande unachokitaka. Gundi ikishaganda unapata kitu kigumu, tena chepesi kuliko ubao. Ila gundi ile haigandi yenyewe. Ina dawa yake, unaitia kwa matone. Ukikosea kipimo cha dawa, umetengeneza uji.

Ndicho nilichomwambia Yohana siku ile ya msumeno: nitalivua Pijo chuma chote cha nje, boneti, madigadi, milango, paa na mbavu za nyuma, nilivalishe faibaglasi. Litavuka daraja na mzigo wake.

Yohana alilizunguka gari mara moja. Kisha akasema kijiji kitanipa nauli ya Dar es Salaam na barua ya kuombea vifaa. Akaongeza kwamba nikiliharibu gari la wananchi, asingenijua tena kama shemeji.

Basi hapo ndipo tunapoanzia leo.

Nilirudi kutoka Dar es Salaam na madebe manne ya gundi, marobota mawili ya vitambaa, na chupa tatu za dawa. Niliposhusha mizigo Matombo nikakuta chupa moja imepasuka. Dawa yote ilikuwa imeishia kwenye gunia.

Sikumwambia mtu. Nilijipigia hesabu kwamba nikibana, chupa mbili zitatosha.

Nilifanya kazi wiki tano. Eva ndiye alikuwa msaidizi wangu. Yeye alikata vitambaa, mimi nikapaka gundi. Nyuzi zile zilimwasha mikono hadi kwenye viwiko, akawa analala akiwa amejipaka mafuta ya nazi. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa na furaha ya kuniona nafanya kazi tena.

Boneti ndilo lilikuwa la kwanza. La chuma lilikuwa likibebwa na watu wawili. La kwangu Eva alilitwika kichwani, akatembea nalo kutoka bandani hadi dukani, mikono ikining'inia tu, na watu wakatoka majumbani kutazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita mwendawazimu.

Yakafuata madigadi, milango, paa. Kila kipande kilitoka kigumu, ukikigonga kinalia kama ngoma.

Ubavu wa kulia wa nyuma ukatoka vizuri. Ukabaki ubavu wa kushoto.

Chupa ya pili ya dawa ilikuwa imebaki chini kabisa, kiasi cha kifuniko kimoja. Nilihitaji mara tatu ya hicho. Ilikuwa masika, unyevu umejaa kila mahali, na gundi ile hugoma hata kwenye baridi tu. Nilijua. Nikamimina kilichokuwepo, nikakoroga, nikapaka.

Nilingoja siku nzima, haikuganda. Nikaweka majiko mawili ya mkaa karibu yake. Uso wa juu ukakakamaa. Ijumaa asubuhi niliukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba upande wa ndani. Ukucha ukazama.

Na siku ya pili yake, Jumamosi, kijiji kilikuwa kinamsubiri mgeni kutoka wilayani. Yohana alikuwa ameshatuma taarifa kwamba wananchi wametengeneza bodi ya gari kwa mikono yao wenyewe bila bati hata moja. Wimbo ulikuwa umetungwa. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya duka.

Nilisimama na ule ubavu mbele yangu. Nikachukua rangi ya kijani, nikaupaka mara tatu, ndani na nje. Kisha nikaufunga kwenye gari kwa bolti.

Eva aliingia nikiwa nakaza nati ya mwisho. Akaniuliza kama tayari.

"Tayari," nikasema.

Nilijiambia Jumatano nitashuka Dar es Salaam kutafuta dawa, nitautoa ubavu ule na kutengeneza mwingine, na hakuna atakayejua. Siku nne tu. Mtu anapotaka kujidanganya, siku nne huwa si kitu.

Jumamosi ilipita kama harusi. Mgeni aligonga boneti, akagonga mlango, akacheka, akanishika mkono mbele ya watu wote. Akasema vijiji vingine vije vijifunze. Yohana alisimama pembeni yangu kifua mbele, na mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake, akaniita "ndugu yangu" hadharani.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Ahmadi, dereva wa kijiji. Ahmadi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kulikagua gari kila asubuhi kama anayemkagua ng'ombe wa maziwa. Watu walipokwenda kula, yeye alibaki akilizunguka Pijo polepole. Alipofika ubavu wa kushoto alisimama, akaubonyeza kwa kiganja.

"Fundi," aliniita. "Hapa mbona pananesa?"

"Ni rangi hiyo," nikamjibu. "Rangi haijakauka."

Aliutazama mkono wake. Haukuwa na rangi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jumatatu alfajiri mke wa Ahmadi, Mwaisha, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga wa misheni, sista mmoja mzee, alipandishwa hadi kijijini, akakaa naye hadi saa tatu. Alipotoka nje alisema mtoto amelala mshazari, hatatoka kwa njia ya kawaida, na kwamba Mwaisha anatakiwa kupasuliwa hospitalini Morogoro siku hiyo hiyo. Akaandika barua, akampa Yohana.

Kabla ya hapo, tungechukua machela. Sasa kila mtu aligeuka kulitazama Pijo.

Mvua ilikuwa inanyesha. Ahmadi alilirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni mwake, akashuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuja moja kwa moja hadi niliposimama, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, ule ubavu umekauka?"

Nataka msomaji aelewe jinsi ilivyokuwa. Yohana alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Eva alikuwa anatandika godoro nyuma ya gari. Nusu ya kijiji ilikuwa imesimama mvuani, na wote walikuwa wananiangalia kama mtu aliyeliandaa gari lile kwa ajili ya siku ile. Kilichotakiwa ni maneno mawili tu: msiegemee kushoto. Ningeyasema, tungefunga kamba, tungekaa vingine, tungefika.

"Umekauka," nikasema.

Ahmadi akashukuru, akaenda kumbeba mkewe.

Nilifanya jambo moja. Nilihakikisha godoro linalala upande wa kulia, na Mwaisha kichwa chake kinaelekea kwenye kabini. Eva alikaa mbele kabisa, mgongo kwenye kabini, ili amshike kichwa. Mama yake Mwaisha, Chausiku, alikaa miguuni pake. Mimi nikakaa katikati ya ubavu wa kushoto. Niliweka mgongo wangu sawasawa pale palipokuwa laini, nikakita miguu kwenye ukingo wa godoro. Nilijiambia kwamba mtu mwingine hataegemea hapa. Kama kuna wa kuanguka, nianguke mimi.

Yohana alipanda mbele na Ahmadi. Vijana wanne wa kijiji wakatangulia kwa miguu hadi darajani.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa yameshafika kwenye magogo. Tulishuka wote, isipokuwa Mwaisha na Ahmadi aliyeshika usukani. Yohana alivuka kwanza kwa miguu, akasimama ng'ambo akimwelekeza Ahmadi kwa mikono. Ahmadi aliliingiza Pijo pole pole, kichwa nje ya dirisha. Magogo yalilia. Lilipofika katikati, gogo moja likasogea na gurudumu la nyuma likazama katikati ya magogo mawili.

Gari likainama. Mwaisha alipiga kelele mara moja, kisha akanyamaza.

Sisi sote tulikimbilia darajani, vijana wanne, mimi, na Yohana kutoka ng'ambo. Tukashika chini ya bodi, Yohana akahesabu, tukanyanyua. Nawaambia ukweli, lilinyanyuka. Watu sita tulilinyanyua gari lile nyuma pamoja na mama mjamzito ndani yake, tukalisogeza, tukaliweka juu ya gogo zima.

Ahmadi alivuka, akasimama ng'ambo, akashuka kunitafuta.

"Lingekuwa lile la chuma, mke wangu angekuwa mtoni," alisema. "Mungu akulipe, fundi."

Vijana walinipiga mabega. Chausiku alinishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kiasi kwamba kwa dakika zile nilisahau kabisa.

Tulipopanda tena, vijana walibaki, na mvua ilikuwa imezidi. Ilikuwa inapiga kutoka kulia. Yohana alitutupia turubai kutoka mbele. Tukalivuta kumfunika Mwaisha, na upande uliobaki ukatosha kufunika ubavu wa kushoto tu. Chausiku akahama kutoka miguuni, akaja kukaa pembeni yangu chini ya turubai. Eva naye akasogea upande huu ili aushike mkono wa Mwaisha vizuri, bega lake likaegemea ubavu.

Nilimwambia Eva arudi alipokuwa.

"Nitalowa, Baba Leonard," alisema. Leonard ni mwanetu. "Na huku ndiko ninakomfikia vizuri."

Nilipitisha mkono wangu nyuma ya mgongo wake, nikashika nguzo ya kabini. Chausiku sikuweza kumshika, ni mama wa watu. Nyuma ya mgongo wangu niliusikia ubavu ukinesa kila tulipopita kwenye shimo. Nikaanza kuhesabu kona zilizobaki hadi Mkuyuni, ambako barabara inanyooka.

Ilibaki moja.

Lori la mbao lilikuwa linapanda kutoka chini. Ahmadi aliliona mapema, wala hakuwa na mwendo. Alijibana kando kulipisha. Gurudumu la kushoto likateleza kwenye ukingo wa mtaro, gari likalala upande wa kushoto, nasi sote watatu tukaangukia ubavuni kwa wakati mmoja.

Bati lingepinda. Bati hupinda, likakushika. Ubavu wangu ulichanika kama ganda la mgomba, kutoka bolti hadi bolti.

Chausiku alitoka wa kwanza, akateleza juu ya ubavu. Eva aliniponyoka mkononi. Nilikuwa namshika, kisha nikawa nimeshika khanga. Mkono wangu wa pili ulikuwa bado umeng'ang'ania nguzo ya kabini, na ndiyo maana mimi, niliyekaa pale ili nianguke, ndiye niliyebaki garini.

Walianguka kwenye mawe ya mtaro.

Mwaisha alikuwa salama juu ya godoro, anaita jina la mama yake.

Nilipofika kwa Eva alikuwa amekaa, anajipangusa matope. Damu ilikuwa inamtoka nyuma ya sikio, kidogo tu. Chausiku alikuwa amelala, mguu umegeuka, anamtaja Mungu bila kukoma. Dereva wa lori na watu wake waliruka chini kutusaidia. Ahmadi alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, akimtazama mkwewe kisha akimtazama mkewe, hajui aende kwa nani.

Yohana ndiye aliyeamua. Ahmadi aendelee na Mwaisha bila kupoteza dakika. Lori ligeuzwe, liwabebe majeruhi, lifuate. Mimi nipande lori.

Lakini kabla Pijo halijaondoka, Yohana alikwenda kwenye ule ubavu. Ulikuwa unaning'inia kwa bolti moja. Niliona anaugeuza, anautazama mahali ulipochanikia. Kule ndani, chini ya rangi yangu ya kijani, gundi ilikuwa bado mbichi, inavutika kama asali. Yohana alipitisha kidole, akakinusa. Kisha akainua macho, akaniangalia.

Aliung'oa ubavu wote kwa mikono miwili, akautupa bondeni. Ukaelea hewani kama jani, ukapotelea kwenye miti.

Ndani ya lori Eva alilaza kichwa mapajani mwangu. Aliniuliza kama Mwaisha amefika. Nikamwambia bado kidogo. Baada ya Mkuyuni akaniuliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale, kama mtu ambaye hajawahi kuliuliza. Tulipofika Bigwa, pembeni mwa mji, hakuwa anauliza tena. Alikuwa anapumua kwa sauti, macho nusu wazi.

Chausiku, kwa upande wa pili, alikuwa ameacha kuomba. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Hospitalini waliwapokea wote wawili. Mwaisha alikuwa ameshaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Muuguzi akaniambia kwamba kwa kuwa ni majeruhi wa barabarani, niende kituo cha polisi nikachukue fomu zao. Wangeanza kuwahudumia, lakini fomu ilitakiwa.

Yohana alinivuta kando ya ukuta. Aliongea harakaharaka, bila kuniangalia usoni. Alisema polisi wameshamchukua Ahmadi pale getini walipoliona gari halina ubavu. Alisema ajali ni ajali, barabara ilikuwa ya utelezi, dereva atapewa onyo na kuachiliwa. Lakini nikisema mambo ya gundi, gari litazuiwa, kijiji kitarudi kwenye machela, na yeye aliyemleta mgeni wa wilaya kulisifu ataonekana mwongo mbele ya serikali.

"Ule ubavu haupo tena, shemeji," alimalizia. "Usiutafute."

Nilimwacha pale ukutani. Nilitembea hadi kituoni kwenye mvua, na njia nzima nilikuwa namkubalia. Nawaambieni kama ilivyokuwa. Sikwenda kule kusema ukweli. Nilikwenda kuchukua fomu.

Ahmadi alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya meza ya sajini, hana viatu, mkanda umetolewa. Aliponiona alitaka kusimama, askari akamkalisha.

"Fundi," akasema. "Nisamehe. Nimemwangusha mkeo."

Niligeukia meza ya sajini.

"Kila walichoniuliza nimekubali," akaendelea. "Nilijibana sana mtaroni. Ningesimama kabisa, lori lingepita. Mama yake Mwaisha nitamwambia nini mimi?"

Sajini alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniuliza shida yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikasema nimekuja kuchukua fomu za majeruhi wawili. Akavuta karatasi mbili, akaanza kuandika. Jina la kwanza. Eva. Jina la pili. Chausiku. Chanzo cha majeraha. Hapo akainua kalamu, akajisemea mwenyewe: uzembe wa dereva.

"Siyo," nikasema.

Akaniangalia juu ya miwani.

"Afande, siyo uzembe wa dereva. Ubavu ule niliutengeneza mimi. Haukuwa umekauka. Nilijua tangu Ijumaa, nikaupaka rangi."

Mvua ilikuwa inapiga bati la kituo. Nilieleza yote, chupa iliyopasuka, majiko ya mkaa, ukucha uliozama. Nilieleza habari za mgeni na mbuzi. Sikumtaja Yohana. Sajini aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Nilipomaliza nilijilazimisha kugeuka.

Ahmadi hakuinuka. Hakunitukana. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akilitazama gari asubuhi, sehemu kwa sehemu, akitafuta palipolegea.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Uliniuliza."

"Mara ya pili mke wangu alikuwa analia ndani. Ulikuwa unamsikia."

"Nilikuwa namsikia."

Sajini alimwambia askari amrudishie Ahmadi mkanda na viatu. Mimi akaniambia nikae. Palikuwa na benchi moja tu, kwa hiyo nilikaa pale pale, ubavuni mwa Ahmadi, wakati yeye anafunga kamba za viatu vyake. Kamba zilikuwa zinamponyoka. Sajini akachukua karatasi mpya ya maelezo yangu.

Simu ya mezani ikalia.

Sajini akasikiliza. Alisema ndiyo, ndiyo, wale wa Matombo. Kisha akaikandamiza simu sikioni. Akauliza: "Yupi?" Akarudia kwa nguvu zaidi: "Haloo? Yupi kati yao?" Akagonga kitako cha simu mara mbili tatu. Laini ilikuwa imekatika, kama ilivyokuwa kawaida siku za mvua.

Akairudisha simu taratibu. Akavua miwani.

"Ni hospitali," akasema. "Wanasema mwanamke mmoja katika wale watatu amefariki. Jina sikulipata."

Ahmadi aliacha kamba za viatu.

Watatu. Mmoja wangu, wawili wake.

Nimeshakiri mengi humu gazetini, na kila nilipokiri nilijisikia nafuu kidogo. Hili halina nafuu. Katika dakika ile, nikiwa nimekaa bega kwa bega na mtu niliyemdanganya mara mbili, niliomba kwa Mungu. Sikuomba msamaha. Nilimwomba jina la marehemu, na jina nililoomba halikuwa la Eva.

Nilipofungua macho Ahmadi alikuwa ananitazama. Midomo yake nayo ilikuwa imetoka kusema kitu kimya kimya, na alijua kwamba nimeona.

Simu ikaanza kulia tena. Sajini alituangalia sisi wawili, mkono wake ukiwa juu ya meza, na hakuinyanyua upesi.